Bango la Binti wa Sentimita

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao lililoegemezwa kwenye ukuta wa duka la fundi cherehani, pale barabara inapokata kona kuelekea sokoni. Benchi lina miguu minne, mitatu ya kwake na mmoja wa kiti kilichokufa, kwa hiyo wenyeji wamejifunza kuagana kabla ya kuinuka. Anayenyanyuka kimyakimya humwangusha mwenzake na kikombe mkononi. Muuza kahawa huweka jiko lake pembeni alasiri, na hapo ndipo mambo ya dunia hupangwa upya. Katikati hukaa mwenye duka, Sentimita, aliyepewa jina hilo kwa kuwa humpima mtu kwa macho kabla hajamwitikia salamu. Kulia kwake hukaa Mheshimiwa, aliyegombea udiwani mara mbili akashindwa mara mbili, jina likabaki kama pole. Kushoto hukaa Betri, fundi wa redio na simu, ambaye kila jambo kwake limekatika waya mahali. Siku hiyo kahawa ya Sentimita ilipoa bila kuguswa, na wenzake wakajua hayo si mambo ya nguo.

Ilibidi wambane kidogo ndipo akasema. Binti yake, wanaomwona kila siku akipita na kasha kubwa mgongoni, anapiga sello, ile fidla kubwa inayokaa katikati ya magoti. Miaka yote amepiga katikati ya kundi. Sasa ukumbi wa muziki una jioni moja ya mpigaji mmoja peke yake, na wanaoitaka ni wawili, yeye na kijana mwingine. Meneja alimwomba picha na maneno machache ya kuweka kwenye bango, yaeleze yeye ni nani na ana nini ambacho wengine hawana. Binti akapeleka. Yakarudishwa na jibu fupi kwamba huyu anaweza kuwa mtu yeyote. Akaambiwa ajaribu tena, na mwisho ni leo, kabla ofisi haijafungwa.

— Alilia? akauliza Betri.

— Hakulia. Aliosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi.

Wakatikisa vichwa kwa heshima ya vyombo. Kisha Mheshimiwa akakohoa, na kikohozi cha Mheshimiwa ni kama kengele ya bunge.

— Mmekuja kwa mwenyewe. Mabango ninayajua. Tatizo ni picha. Alicheka?

— Alitabasamu.

— Basi hapo ndipo alipoharibu. Anayetabasamu kwenye bango anaomba kura. Asiyetabasamu ameshashinda.

— Wewe lako ulifanyaje? akauliza Betri.

— Nilitabasamu. Ndiyo maana nasema kwa uchungu.

Akaeleza jinsi ya kusimama: mikono ikunjwe kifuani, kidevu juu, macho yatazame mbali kama ya mtu aliyekumbuka kwamba ameacha jiko linawaka. Sentimita akauliza, mikono ikikunjwa, sello itashikwa na nani. Mheshimiwa akasema sello haina haja ya kuwemo. Mgombea hapigwi picha na sanduku la kura.

— Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, akamalizia. Kwa hiyo ajitembeze.

— Mheshimiwa, hiyo inamaanisha kinyume, akasema muuza kahawa huku akipuliza makaa.

— Inategemea inatoka mdomoni mwa nani.

Betri alikuwa ameshatoa simu. Kwa maelezo yake wanamuziki wakubwa hawana majina ya watu, wana majina kama ya sabuni, neno moja tu, mtu akilisikia halimtoki. Akapendekeza Malkia wa Kamba. Halafu awe na rangi moja maisha yake yote, jukwaani, sokoni, hata msibani. Zambarau, akasema, kwa sababu nyingine zimeshachukuliwa.

Neno rangi likamwamsha Sentimita. Akakiri kwamba hata yeye alishafikiria hivyo, akamshonea binti gauni la kijani lenye kola pana, kazi ambayo kila aliyeiona alisifu mkono wake. Juzi binti alilijaribu. Aliposimama, lilimkaa kama alizaliwa nalo. Alipoketi na kuweka sello, magoti hayakuachana. Sketi ilikuwa nyembamba mno.

— Ulimpima vipi? akauliza Betri.

— Nilimpima amesimama.

— Na anapiga amekaa.

— Ndiyo.

— Fundi mzima?

Sentimita akacheka, na wenzake wakacheka naye, kwa kuwa kinyozi hajinyoi na fundi nguo za nyumbani humharibikia. Lakini jambo hilo halikumchekesha kwa ndani. Tangu juzi lilikuwa linamchoma, na hakujua kwa nini linamchoma kiasi hicho, gauni ni gauni tu, linafumuliwa.

Kahawa ikaongezwa, na nadharia nazo zikaongezeka. Betri akasema siku hizi watu hawanunui muziki, wananunua mateso. Binti anahitaji historia. Iandikwe kwamba sello aliiokota kwenye mafuriko, ikielea, yeye akiwa mdogo hajui hata kuogelea.

— Aliazimwa na shule, akasema Sentimita.

— Shule ilikuwa na mafuriko?

— Hapana.

— Basi alilelewa na babu kiziwi, akadakia Mheshimiwa. Hiyo inagusa.

— Baba yangu hakuwa kiziwi. Mpaka anakufa alikuwa anasikia watu wakimsengenya nyumba ya tatu.

— Marehemu hatalalamika. Usimharibie mtoto kwa ajili ya masikio ya mzee.

Sentimita akasema kuna jambo moja la kweli, kama linafaa. Mwalimu wa binti humwambia ana vituo vyake. Katikati ya wimbo husimama kidogo, pasipoandikwa kusimama, halafu huendelea. Mwalimu mwenyewe hajui kavitoa wapi. Mwanzoni alimkataza, sasa amemwacha.

— Hilo ni kosa, akasema Mheshimiwa. Lifichwe. Mfa maji haishi kutapatapa.

Hakuna aliyejua mfa maji ameingiaje, wakamwacha apite. Betri alikuwa tayari mbali. Aliona binti akiingia jukwaani akiwa ndani ya kasha la sello, limebebwa na wanaume wanne, taa zimezimwa.

— Hayo ni maziko, akasema muuza kahawa.

— Anafufuka. Kasha linafunguliwa, anatoka.

— Na sello imekaa wapi, kama yeye yumo kwenye kasha?

Betri akafikiri, akasema hayo ni mambo ya mafundi. Mheshimiwa akapanda juu zaidi. Kwa maoni yake njia bora kuliko zote ni binti asitokee kabisa siku hiyo. Watu wakae ukumbini, wangoje, waende nyumbani bila kumwona, na kuanzia kesho mji mzima utamzungumzia.

— Mimi nilitokea kila mkutano, akasema, na mnaona nilipofika.

Walikuwa wamefika hapo, na Betri anauliza kama viingilio vitarudishwa, ndipo mama mmoja akaja na mfuko wa mapazia ya kupunguzwa urefu. Sentimita akataka kuinuka amhudumie. Mama akasema hana haraka, wamalize. Akakaa ncha ya benchi baada ya kuelezwa habari za mguu wa nne, akapewa kikombe, akasikiliza historia yote ikirudiwa kwa faida yake, pamoja na mafuriko na kasha. Alisikiliza vizuri, bila kucheka.

— Samahani jamani, akasema. Mimi mgeni wa mambo hayo. Nikija siku hiyo, nikakaa pale mbele, huyo binti anapigaje?

— Anapiga sello, akasema Mheshimiwa.

— Hapo nimeelewa. Nauliza, anapigaje?

— Anapiga vizuri sana, akasema Betri.

— Ulimsikia lini?

Betri akatazama ndani ya kikombe chake. Akasema wanakaa hapa kila siku, chumba anachofanyia mazoezi kiko nyuma ya ukuta huu huu wanaouegemea. Akageuka kuutazama ukuta, kisha akasema polepole kwamba yeye, akisema ukweli, anachosikia siku zote ni cherehani. Mheshimiwa akasema na yeye ni cherehani. Muuza kahawa akatikisa kichwa, hata yeye. Wote wakamtazama Sentimita.

Sentimita angeweza kumweleza mama yule mengi. Bega la kushoto la binti liko chini ya la kulia kwa upana wa kidole. Ncha za vidole vyake zimekuwa ngumu kama zimevaa kastabini za chuma. Siku ya kupiga hali kitu mpaka arudi. Lakini anapigaje, hilo hakuwa nalo. Alikwenda ukumbini mara moja, akakaa nyuma, akaona pinde zote za kupigia zikipanda na kushuka pamoja, asijue sauti ipi ni ya mwanawe.

Na nyumbani kulikuwa na ahadi. Binti alipoileta sello mara ya kwanza, akiwa mdogo, majirani walicheka kila alipokosea, akaiweka chini akasema hatapiga tena. Sentimita alimwambia apige tu, yeye atashona. Mashine ikilia hakuna atakayesikia kosa, hata baba. Tangu siku hiyo, binti akishika upinde, yeye hukanyaga pedali. Kama hana kazi ya mteja hushona vipande vya vitambaa visivyo na mwenyewe. Aliona hiyo ndiyo zawadi yake kwa mtoto, na ilikuwa kweli. Sasa mbele ya mama wa mapazia akaona upande wa pili wa zawadi hiyo, ikamuuma. Alimpima mwanawe amesimama kwa sababu hajawahi kumtazama amekaa.

— Sijui, akasema.

Mheshimiwa akamsogezea kikombe chake.

Binti akatokea konani na kasha mgongoni. Akawaamkia shikamooni, akapokea marahaba tano zilizopishana, akasema anajaribu kupiga mara moja halafu awaandikie wale watu wa ukumbi chochote, muda unakwisha. Akaingia ndani. Sentimita akawaaga wenzake, akashikilia benchi mpaka kila mmoja akajiweka sawa, akamfuata kama alivyozoea.

Alikaa kwenye cherehani, mgongo wake ukielekea pazia la chumba cha nyuma. Akasikia kasha likifunguliwa, kiti kikivutwa. Mguu wake ulikuwa juu ya pedali. Hakuukanyaga.

Binti naye hakuanza.

— Baba, mbona hushoni?

— Leo sishoni.

— Uzi umekwisha?

— Uzi upo.

Hakusikia hata kiti kikigusa sakafu. Alijua mwanawe amekaa vipi wakati ule, amelaza mkono juu ya kamba, na akaogopa kwamba amemvunjia ahadi siku mbaya kuliko zote.

— Nitakosea, akasema binti.

— Kosea, mama. Nipo.

Akageuza kiti chake, akalisogeza pazia, akakaa amemtazama.

Alianza chini, kwa sauti nzito isiyo na haraka, kama mtu anayezungumza chumba cha pili huku mtoto amelala. Sentimita hakujua muziki, hakujua wimbo ule unaitwaje wala unakwenda wapi. Alifuata tu. Ulikwenda mbele moja kwa moja, mrefu, ukaongeza kasi kidogo, halafu binti akasimama. Kidogo tu, upinde hewani. Akaendelea kwa upande mwingine. Baadaye akasimama tena vile vile, na mguu wa Sentimita ukatikisika wenyewe sakafuni.

Kituo kile alikijua. Ni pale mshono unapofika kwenye kona ya kitambaa, ambapo fundi husimamisha mashine sindano ikiwa ndani, akainua mguu wa cherehani unaokibana, akageuza kitambaa, akaushusha, akaendelea. Amefanya hivyo maisha yake yote bila kufikiri. Mtoto amekaa nyuma ya pazia miaka yote hiyo akipiga juu ya mashine, na kila iliposimama alisimama, asije akasikika peke yake. Baadaye hofu iliondoka, vituo vikabaki.

Sentimita alifuta macho kwa utepe wa kupimia, kwa sababu ndio uliokuwa shingoni.

Wimbo ulipokwisha, nje hakuna aliyegonga kikombe. Mheshimiwa alikuwa amesogea akaegemeza sikio ukutani, na benchi lilikuwa limeinama upande mmoja bila yeyote kulalamika. Mama wa mapazia alikuwa amekumbatia mfuko wake. Betri alimuuliza kwa sauti ya chini kama amepata jibu lake. Alisema amepata, ila hawezi kulisema, itabidi aje siku hiyo asikie tena.

Ndani, binti aliweka upinde magotini, akachukua simu. Alikuwa na uso wa mtu anayengoja kuambiwa alipokosea.

— Ofisi inafungwa sasa hivi, baba. Niandike mimi ni nani?

— Nitakwambia, akasema Sentimita. Rudia kwanza pale kwenye kona.

Binti akamtazama, hakuelewa. Kisha macho yake yakashuka polepole mpaka kwenye pedali.