Spidi Ageuza Baiskeli

Benchi lenyewe ni ubao mrefu uliolazwa juu ya magogo mawili, mbele ya karakana ya fundi baiskeli, na wenzako wakiinuka bila kukuambia linakumwaga chini. Wanaokaa hapo kila asubuhi wanajulikana. Kuna Breki, dereva wa basi aliyestaafu, mtu wa kupinga kwanza halafu ndiyo asikilize. Kuna Redio, fundi wa simu, ambaye huzimika akilala tu. Na kuna Mama Kahawa, mwenye birika na mdomo wa kuwatosha wote wawili. Mwenye karakana wanamwita Spidi. Jina alilipata ujanani, enzi za mashindano, kabla baridi yabisi haijamwingia magotini na kwenye vifundo vya mikono, ikagoma kutoka. Tangu hapo amekuwa akitengeneza baiskeli za watu, yake imetundikwa ukutani.

Asubuhi hiyo ukuta ulikuwa mtupu.

— Jamani, yule si Spidi? — Redio akaruka.

Mama Kahawa naye akaruka. Breki, aliyebaki peke yake kwenye ncha ya benchi, akajikuta chini na kikombe mkononi. Hakujali. Spidi alikuwa anakuja kweli, juu ya baiskeli yake, polepole, mgongo umenyooka, anacheka peke yake kama bwana harusi. Alipowapita na kufika karibu na mteremko wa kuelekea mtoni, wote wakapiga kelele: «Shuka! Shuka nao!» Yeye akageuza baiskeli, akarudi, akashuka mbele yao.

— Mbona umegeuza? — Breki akauliza, bado anajipangusa vumbi.

— Nimetosheka.

— Umechoka?

— Hapana. Nilikuwa na nguvu bado.

— Sasa mtu mwenye nguvu anageuzaje? Basi likiwa na mafuta linageuzia njiani?

— Mnyororo umelegea — Redio akasema. — Anatuficha tu.

— Mnyororo wa nani ulegee? Huyu ni fundi! — Mama Kahawa akamkata. — Shemeji yangu huyu kaona kitu kule chini. Sema, baba, umeona nini?

Spidi akaegemeza baiskeli ukutani. Moyo ulikuwa unamdunda, lakini kwa furaha, na magoti yalikuwa yamenyamaza. Akawaeleza: daktari alimwambia aanze kwa kutembea, mpaka getini tu. Akaona ni dharau. Bingwa mzima, mpaka getini? Lakini akaenda, akarudi. Mwili ulipozoea akasogea hadi dukani, halafu hadi kwenye kona, na leo akaishusha tena baiskeli. Siku maungo yakivimba, anapunguza, hajilaumu. Na kila siku anaacha akiwa bado na hamu.

— Na ile mara ya kwanza? — Mama Kahawa akauliza taratibu.

Spidi akatazama vidole vyake. Mara ya kwanza aliamka mwepesi, akajiona kapona, akapanda baiskeli hadi darajani na kurudi kwa kasi yake ya zamani. Kesho yake hakuweza kushika kijiko. Mkewe ndiye aliyemfunga vifungo vya shati, siku baada ya siku, bila kumsema hata neno moja. Angemsema, ingekuwa afadhali.

— Ile ilikuwa ile! — Redio akapaza sauti. — Leo nimekuona kwa macho yangu. Umepona, kaka! Hiyo damu imeshachemka, ukiiacha ipoe unaanza upya. Panda sasa hivi, darajani na kurudi!

— Darajani karibu — Breki akasema, maana sasa keshashawishika. — Avuke. Ng'ambo kuna lami mpya. Mimi namsimamia mwendo, nina uzoefu wa barabara.

— Tuanzishe klabu kabisa! — Redio akasimama juu ya benchi. — Spidi kapteni. Breki meneja. Mimi natangaza.

— Na fulana zote mgongoni ziwe na picha ya birika langu — Mama Kahawa akadakia. — Mbele, hapana. Mbele jasho litalichafua.

— Mashindano ya mkoa!

— Mkoa mdogo huo! Taifa!

Kelele zikapanda, wapita njia wakaanza kusimama. Spidi alikuwa anacheka nao, kisha akashtuka kuona mkono wake umeshafika kwenye usukani. Mteremko ulikuwa pale pale, unang'aa kwa jua. Angeweza kushuka. Leo angeweza kabisa, na hilo ndilo lililomtisha.

Hapo akatokea dada mmoja mgeni, anasukuma baiskeli yenye pancha. Akasalimia, akaomba kuzibiwa. Spidi akauachia usukani, akachukua pampu na kiraka. Dada akakaa pembeni, akawasikiliza wakigombania rangi ya fulana. Alipoona hawana dalili ya kumaliza, akauliza:

— Samahani, wazee wangu. Hiyo klabu yenu, mbali na fundi, nani mwingine anajua kuendesha?

Breki akamtazama Redio. Redio akamtazama Mama Kahawa. Mama Kahawa akainua birika kumimina, likatoa tone moja. Miaka yote hiyo wamekaa mbele ya karakana ya baiskeli, na hakuna aliyewahi kukanyaga pedali.

Spidi alicheka mpaka kiraka kikamponyoka. Alipomaliza kazi ya dada, akashusha kiti cha baiskeli yake, akaisogeza mbele ya meneja.

— Panda.

— Mimi?

— Wewe. Nimekushika.

Breki akapanda kama anayepanda ngazi iliyooza. Spidi akashika nyuma ya kiti, wakaanza, mmoja anayumba, mwingine anatembea taratibu ubavuni, Redio anatangaza nyuma yao kwa sauti ya uwanja mzima, na Mama Kahawa akipiga birika tupu kwa kijiko. Baada ya hatua chache Breki akawa ameshanogewa.

— Tunaishia wapi, kapteni?

— Pale kwenye nguzo.

— Pale tu? Lakini mimi naweza zaidi!

— Najua — Spidi akasema. — Ndiyo maana tunaishia pale.