Mwanamisi wa Mtae, Aliyechimba Mlima Ili Watoto Wacheze

Wasikilizaji wapendwa, wewe uliye jikoni na wewe uliye shambani, sogeeni tukae pamoja. Ukungu leo umeshuka mpaka dirishani mwa studio yetu hapa Lushoto. Mimi ni Anitha. Leo namkumbuka mama mmoja wa Mtae, jina lake Mwanamisi Shekigenda. Narudia: Mwanamisi Shekigenda, mke wa Mzee Ibrahimu, wa Mtae. Ametutoka mwezi uliopita akiwa na miaka sitini na nane.

Niwaambie mapema. Bi Mwanamisi hakuwa diwani. Hakujenga shule. Hakuwahi kupewa cheti na mtu yeyote. Bi Mwanamisi alicheza. Alicheza nyumbani kwake, na watu wake, kwa vitu vya nyumbani, mpaka uzeeni. Jana nilipotangaza kwamba tutamkumbuka yeye, bwana mmoja alipiga simu akauliza kama siku hizi redio imeishiwa watu wa maana. Bwana, usizime redio yako. Jibu lako ni kipindi chote hiki.

Ninyi mnaoijua Mtae mtanivumilia kidogo. Mtae iko juu kabisa, mgongoni mwa mlima. Upande huu bonde, upande ule bonde. Nyumba zimeshikilia mteremko. Ukidondosha chungwa mlangoni kwako, utaliokota kwa jirani wa chini, kama hajalila. Penye tambarare ni pachache, na kila palipo pana maharage, mahindi au kabichi. Watoto wa huko hujifunza kucheza mguu mmoja ukiwa juu na mwingine chini.

Mwanamisi alizaliwa Shume, baba yake akiwa mpasua mbao. Dada yake, Bi Rehema, bado yupo, na bado anacheka akimkumbuka. Anasema, "Alipewa mtoto wa shangazi ambebe mgongoni, yeye akawa anaruka naye kamba ya mgomba. Mtoto anacheka, shangazi analia." Ndivyo alivyokuwa tangu mdogo. Akaolewa Mtae na Ibrahimu, na Ibrahimu, kama ilivyo desturi yetu, akampa mkewe kipande chake cha kulima, pale juu ya nyumba. Kikumbukeni kipande hicho. Kilikuwa chake, na mpaka leo ndicho kinachogombaniwa.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, yapata miaka thelathini iliyopita. Binti yake Mwanaidi alikuwa darasa la tatu. Jioni moja watoto walikuwa wanacheza rede uani kwao, ua wenyewe umeinama kama paa. Kwa wasioijua rede, wawili husimama huku na huku wakirushiana mpira, na wewe uko katikati, unakwepa huku unajaza mchanga kwenye chupa. Mwanaidi alikwepa kinyumenyume. Mguu ukakosa ardhi. Akaporomoka mpaka shamba la chini, akavunjika paja. Wakambeba kwenye machela mpaka barabarani, na barabara ya Mtae mnaijua wenyewe, ndipo akafikishwa hospitali. Madaktari walifanya walichoweza. Mfupa ukaunga, lakini Mwanaidi anachechemea mpaka leo.

Wazee wa kitongoji wakakaa kikao. Uamuzi ulikuwa mwepesi: watoto wasicheze tena nyuani. Wakitoka shule, wakate majani ya ng'ombe, walete kuni, waingie ndani. Aliyelisemea hilo kwa nguvu zaidi ni Mzee Omari, mdogo wake Ibrahimu. Alisema mchezo haujazi tumbo, na mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Watu wakaitikia. Kisha wakamgeukia Mwanamisi. Walitaka na mama wa aliyeumia aseme neno, ili lipitishwe kwa kauli moja.

Mwanamisi akasimama. Akasema, "Mchezo haukumvunja mwanangu. Mteremko ndio uliomvunja. Shughulikieni mteremko."

Akakaa. Mzee Omari alisema tu kwamba shemeji amechanganyikiwa na uchungu, tumwache apumzike. Mwanamisi hakupumzika. Maharage yalipovunwa, alipanda kwenye kile kipande chake cha juu, akiwa na sururu na jembe, akaanza kuukata mlima. Alikata kule juu, udongo akauleta mbele, akaupangia mawe ili usishuke. Sisi sote tunajua kuchimba matuta ya ngazi. Babu zetu walichimba, maafisa wa kilimo wakatuhimiza tuchimbe, na tunachimba. Lakini tunachimba ili tupande. Mwanamisi alichimba tuta pana kuliko yote pale kitongojini, na hakutaka kupanda hata mche mmoja.

Wanawake waliokuwa wakipita kwenda kuteka maji walimuuliza anamchimbia nani kaburi. Mama mkwe alimnunia. Mumewe alikuwa anajifungia ndani. Nilimuuliza Mzee Ibrahimu mwenyewe juzi, nilipokwenda kuwapa pole, naye hakunificha. Aliniambia, "Nilikuwa naona aibu, mwanangu. Halafu nikaona aibu ya kukaa ndani inazidi aibu ya kutoka. Nikachukua jembe." Wakamaliza pamoja. Mvua za vuli zilipokuja, wakaangalia ukuta. Haukuanguka.

Hapo ndipo mambo yalipoanza. Kila Jumamosi alasiri, kwa Mwanamisi. Mpira wa mifuko ya nailoni uliofungwa kwa kamba za mgomba. Bao la mashimo yaliyochimbwa chini, kete zake kokoto. Kamba. Vitendawili. Sufuria ya makande mekoni, na chai ya mchaichai ambayo ilikuwa na sukari siku ikiwa na sukari. Basi. Hakuna kiingilio wala kombe. Watoto walikuja kwa kuibia, majani ya ng'ombe yakiwa kichwani, wakayatua ukutani, wakacheza, wakayabeba wakarudi. Amri ya wazee ilikuwepo, ila kila mzee aliyeanza kumtafuta wa kumwadhibu alimkuta mwanawe au mjukuu wake ndiye wa kwanza. Ikafa yenyewe, kama amri nyingi zinavyokufa huku kwetu.

Bi Mwanamisi alikuwa na sheria moja kwa watu wazima. Hakuna kukaa pembeni kusengenya. Ukifika, unacheza. Kwa hiyo akina mama wa Mtae, wenye wajukuu, walikaza khanga kiunoni wakaingia rede. Siku moja mwalimu mmoja mgeni, mtu wa Tanga mjini, alipita akamkuta mama mtu mzima yuko katikati anakwepa mpira. Kijana wa adabu, akampa shikamoo. Bi Mwanamisi akamwambia bila kugeuka, "Subiri, baba. Nitaiitikia nikitoka." Mwalimu alisubiri sana, maana mama yule hakuwa mtu wa kutolewa upesi. Zilipokuja simu hizi za kupangusa, aliweka kikapu. Unatumbukiza simu yako, unapewa kikombe cha chai. Kuna vijana waliochukia. Walirudi Jumamosi iliyofuata.

Na Mwanaidi? Mwanaidi sasa ni fundi cherehani hapa Lushoto mjini. Nilimtembelea dukani kwake. Aliniambia kwamba mguu ulipopona, mama yake alimwingiza katikati siku ya kwanza kabisa. Watoto wengine wakamwonea huruma, wakawa wanamrushia mpira taratibu. Mama yake akausimamisha mchezo. "Akawaambia, mpigeni kama mnavyopigana wenyewe," anasema Mwanaidi. "Nilitolewa mara ya kwanza tu. Nililia, lakini nililia kwa kutolewa. Sikulia kwa mguu. Mama alitaka nijue tofauti yake."

Mwanaidi alijifunza kukwepa bila kukimbia. Anainama tu. Wanaomjua wanasema ni balaa.

Mwaka jana Bi Mwanamisi alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi. Watoto wake walitaka kumpeleka akakae Tanga, karibu na wataalamu. Alikwenda, akatibiwa, akadai kurudishwa. Akawekewa kiti kule juu, na akawa mwamuzi mkali asiyesikia rufaa. Ndipo Mzee Omari alipomfuata. Nataka nimtendee haki Mzee Omari. Ana vijana watatu wasio na pa kulima, na ardhi yetu ni finyu, nani hajui. Alimwambia shemeji yake kwa adabu kwamba, Mungu akimchukua, tambarare ile itapandwa kabichi. Kabichi inauzika. Bi Mwanamisi alimjibu akiwa pale kitini, pumzi zikimpaa: "Shemeji, kabichi inaota hata kwenye mteremko. Mtoto anataka mahali pa kusimama."

Baada ya hapo hakuishi sana. Alifariki Jumatano asubuhi, akazikwa alasiri ile ile, na njia ilijaa watu kutoka Mtae mpaka kwenye mashamba. Khitma imesomwa. Na sasa ukoo utakaa kikao keshokutwa, Jumamosi, kuamua kile kipande. Rede au kabichi. Hilo ndilo lililobaki, wasikilizaji wapendwa, na ndilo lililonifanya nisiwaletee hapa kumbukumbu ya kulia tu.

Mimi msimamo wangu nausema wazi, na anayetaka kunishtaki anishtaki. Tuta lile lisilimwe. Tumezoea kuamini kwamba furaha ya nyumbani ni ya watu wenye nafasi, kwamba maskini akicheka muda mrefu kuna kazi ameiacha. Mwanamke huyu alilima, alipika, alilea, aliuguza, na bado aliukata mlima kwa mikono yake ili watu wake wacheke bila kuanguka. Wanaosema alipoteza ardhi waje wanioneshe shamba lingine Mtae lililozaa kiasi hicho.

Lakini sikutaka kumsema mtu ambaye sijamsikiliza. Leo asubuhi nilimpigia Mzee Omari. Akanieleza habari za vijana wake, na za bei ya kabichi. Nikamsikiliza mpaka mwisho. Kisha nikamuuliza, "Baba, miaka yote hiyo, umewahi kucheza pale hata siku moja?" Akasema, "Ningekwendaje? Nilisema maneno makali siku ile kikaoni. Nyumba yangu iko hapo chini, kila Jumamosi nawasikia wanavyocheka. Hakuna aliyewahi kuniambia karibu."

Nikampigia Mwanaidi, nikamsomea maneno hayo jinsi yalivyo. Kisha akaniagiza: "Mwambie baba mdogo aje. Mwambie redioni, asije akasema hakusikia."

Kwa Mzee Ibrahimu, kwa Mwanaidi na ndugu zake wote, kwa Bi Rehema kule Shume, na kwako pia Mzee Omari, maana na wewe umefiwa, poleni sana. Sisi hapa redioni tunalia nanyi. Mwenyezi Mungu amrehemu Mwanamisi Shekigenda, amlaze mahali pema peponi. Na wewe unayesikiliza, kabla hujalala leo, jiulize ni nani anayesikia kicheko cha nyumbani kwako kila siku na hujawahi kumwita.

Mzee Omari, shikamoo. Najua redio yako iko wazi. Kikao ni Jumamosi saa nane, mtasema mtakayosema, na ukoo utaamua. Ila saa kumi, kabla hamjatawanyika, panda pale juu. Mwanaidi atakuwa amesimama katikati, na mpira utaurusha wewe. Karibu sana, baba.