Mama Kengele Anastaafu, Barua Yangu Inabaki Failini

Tarehe thelathini ya mwezi huu, saa kumi jioni, Mama Kengele wa meza ya teminali anastaafu baada ya kuitumikia bohari yetu ya vipuri kwa miaka thelathini na minne. Mkuu wa bohari ameniagiza mimi niandike wasifu huu. Najua mnaulizana kwa nini nipewe mimi, niliyeiacha shule kabla haijaniacha. Sababu ipo na nitaisema, ingawa ningependa zaidi kuzungumzia mwandiko wangu, ambao kila mtu anaukubali.

Alianza kazi akiwa binti wa miaka ishirini na sita, wiki ileile mashine iliposhushwa kwenye lori. Kwa wasioijua, teminali si kompyuta kama hizo zenu. Ni skrini ya maandishi ya kijani na kibodi nzito kama tofali. Akili yenyewe iko chumba cha ndani, kwenye kompyuta kubwa inayounguruma kama jokofu la bucha. Ukibonyeza herufi, inakwenda kwanza kwa mkubwa huko ndani, naye ndiye anayeirudisha kwenye skrini yako. Ndiyo maana Mama Kengele humwambia kila mgeni, "Usiamini ulichobonyeza, amini ulichorudishiwa." Nilipoyasikia maneno hayo mara ya kwanza nilijisemea, huyu mama ana lake.

Jina la Kengele alipewa na mafundi. Kushoto mwa kibodi kuna kitufe tunachokiita Kontroli. Ukikishikilia ukabonyeza na herufi, ile herufi haiandikwi, inageuka amri. Kontroli na H inakurudisha nyuma hatua moja, kama mtu aliyemkanyaga bosi mguu. Kontroli na M ni sawasawa na kubonyeza Enta. Kontroli na G inaliza kengele iliyomo ndani ya mashine, na hiyo ndiyo aliyoipenda. Kipuri kikipatikana, kengele moja. Kisipokuwepo, mbili. Mafundi wa karakana wanasikia dirishani na kujua kama wavae glavu au waongeze chai.

Kompyuta kubwa ya ndani imebadilishwa mara mbili, wakuu wa bohari wamebadilishwa mara saba, lakini yeye na teminali yake wako palepale. Anazo kichwani hata namba za vipuri vya mabasi yaliyokwisha kuuzwa kama vyuma chakavu.

Sasa tuje kwenye mashaka. Miezi minne iliyopita tuliajiriwa vijana watatu, na tangu siku hizo teminali ikaanza kuganda. Unatafuta breki za basi, orodha inashuka vizuri, mara kimya! Skrini imetulia tuli, bonyeza utakavyo. Anaitwa Mama Kengele. Anakuja bila haraka, anatandaza kitambaa juu ya kibodi, anaingiza mikono chini yake, na mashine hiyoo, inakimbia. Anatoa kidaftari, anaandika, anatutazama mmoja mmoja kama askari mwenye maelezo ya mwizi, anaondoka.

Jamani, ungekuwa wewe usingeshuku? Mtu anakaribia kustaafu, ghafla mashine inapata ugonjwa ambao dawa yake anayo yeye peke yake, na dawa yenyewe inatolewa chini ya kitambaa! Mlinzi wa geti alimshuku hadi mumewe, yule fundi viatu anayekuja kumchukua kila jioni, viatu vinang'aa kama anakwenda kuposa. Mwanamume gani bado anampokea mkewe getini baada ya miaka yote hiyo, kama hana jambo?

Nikapiga mahesabu yangu, nikamwandikia mkuu barua: Mama Kengele anaigandisha mashine makusudi ili abembelezwe abaki. Neno "hujuma" niliandika kwa wino mwekundu, nikaona limependeza. Mkuu akaisimamisha barua ya kumuaga Mama Kengele. Tuhuma ingethibitika, miaka thelathini na minne ingefungwa kwa neno langu jekundu, bila cheti wala hafla.

Mama Kengele hakulia. Alimwambia mkuu kwamba naye ana mshukiwa wake, akakifungua kidaftari. Humo mlikuwa na tarehe, saa, na jina la aliyekuwa kitini kila mashine ilipoganda. Mara kumi na tisa. Kumi na saba zilikuwa zangu. Kumbe wakati mimi namwinda, yeye ananiwinda! Aliamini kuna mtoto mtukutu anamchezea mashine yake. Na dawa hakuitaja kwa sababu aliona anayejua kuigandisha hakosi kujua kuigandua. Alichotaka ni kumkamata tu.

Jumatano iliyopita mkuu akatupima. Mimi nikae kitini, nifanye kazi kama siku zote. Mama Kengele asimame mlangoni, mikono yote miwili imeshika kikombe cha chai ili kila mtu aione. Mafundi wawili wakajipenyeza kutazama sinema ya bure.

Nikaingiza mikanda ya feni: namba, idadi, rafu. Nilipomaliza, vidole vyangu vikafanya kile vinachofanya kila mara kwenye kompyuta mpya nilizojifunzia: Kontroli na S, ili kazi ihifadhiwe. Skrini ikaganda. Nikageuka nikipiga kelele, "Mmeona? Mmemwona huyu mama?" Kikombe kilikuwa palepale mikononi mwake.

Kwa hasira nikaishambulia kibodi, safari hii nikiandika yale ninayoyasema moyoni kila inapoganda, maana hakuna kinachoonekana. Mama Kengele akauliza taratibu, "Mwanangu, umebonyeza nini kabla haijaganda?" Nikamjibu kwamba nimehifadhi kazi yangu, mimi si mzembe. Akacheka hadi chai ikamwagika. "Haya, mjanja wangu. Sasa bonyeza Kontroli na Q."

Nikabonyeza. Yote yaliyokuwa yamezuiliwa yakashuka kwa mkupuo: AMKA BATI WEWE. BIBI KAKUROGA TENA. NGOJA AENDE ZAKE. Mbele ya mkuu, kwa herufi kubwa za kijani. Fundi wa gia akaomba yasomwe tena, polepole, kwa faida ya waliochelewa.

Ndipo tukaelezwa. Kwenye teminali hizi Kontroli na S maana yake ni simama: inaiambia kompyuta kubwa isilete maandishi kwanza, mtu apate kusoma orodha ndefu. Kontroli na Q ni endelea. Unachobonyeza katikati hakipotei, kinapanga foleni huko ndani kikingoja zamu yake. Wenzangu wawili walikosea mara moja moja. Mimi, kwa kuwa ni mwangalifu kuliko wao, nilihifadhi sana.

Na kitambaa? Yeye na wenzake wa mwanzo walifundishwa kuchapa mikono ikiwa imefunikwa, wasizoee kuchungulia herufi, na hajaacha hadi leo. Kuhusu mumewe, uchunguzi wa mlinzi unaendelea.

Nilimwomba mkuu anirudishie ile barua niichane. Mama Kengele akakataa. Alisema karatasi ikichanwa, watu watajitungia yaliyokuwemo. Ibaki kwenye faili lake, na chini yake niandike mwenyewe nilibonyeza nini, mara ngapi, kisha nitie sahihi. Nimeandika, nimetia sahihi. Barua yake ya kuagwa ilitoka jana, safi, haina doa. Adhabu yangu iliyobaki ni wasifu huu, nao mkuu ameusoma mara mbili kabla ya kuupitisha, kwa sababu ambazo hata mimi nazielewa.

Mama Kengele, bohari nzima inakushukuru kwa miaka yako yote, na mimi nakuomba radhi mbele ya wote. Tunakuombea siku nyingi zenye afya, miguu isiyouma, na usingizi usio na namba za vipuri. Unaondoka na jina lako zima, mama. Ukisikia lolote baya likisemwa nyuma yako hapa bohari, nishuku mimi kwanza.