Video za Baba Zisizo na Sauti

Kwenye viti vya mbele yangu ndani ya basi walikaa dada na mdogo wake wa kiume, aliyepakata kompyuta.

"Televisheni ya mama haisomi aina ya sauti iliyomo kwenye video za marehemu baba," alisema mdogo mtu. "Lile boksi la kuhifadhia video linarusha picha vizuri, lakini baba anachezesha mdomo tu. Nikizibadilisha leo, jioni mama anamsikia."

"Usizibadilishe."

"We dada, mzima kweli?"

"Wewe huishi pale. Kila jioni mama anawakalisha wajukuu mbele ya ile video ya bustanini, anawaambia, 'Hapo babu anasema mnitunze.' Mimi ndiye niliyerekodi. Baba alikuwa anamgombeza fundi bomba."

Kijana alicheka hadi kondakta akageuka. Kisha akaiangalia kompyuta. "Lakini ni sauti yake, dada."

"Najua. Unadhani mimi siitaki?"

Nilitaka kuwaambia kwamba ningekaa kutwa nzima kumsikiliza marehemu mume wangu akigombana na fundi yeyote. Basi likasimama, wakashuka wakiwa bado wanabishana.