Bi Mize na Fumbo la Pande Mbili

Tarehe 30 Juni 2023 Mwalimu Mize Hija anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya kusomesha hisabati, yote katika skuli hii moja. Wengi wetu tumemkuta hapa. Wengine, nikiwemo mimi, tulipita kwanza mikononi mwake.

Alikuja mwaka 1990 kutoka kwao Chokocho, juu ya baskeli ya kiume iliyowafanya watu washike midomo. Walipomaliza kushangaa, wakamletea watoto.

Alichokipenda ni kile kinachotutoa jasho wengi: mafumbo ya hesabu. Kwake hushiki kalamu mpaka umelisimulia fumbo kwa Kipemba chako, kama habari ya mtaani: nani kafanya nini, na kipi hatukijui. Hapo ndipo kisichojulikana kinapopewa herufi. Herufi isiyosemwa inasimama badala ya nini aliiita mgeni asiyepiga hodi. Jibu nalo lazima lirudishwe kwenye fumbo lipimwe. Mwanafunzi aliyepata bibi mwenye umri wa hasi nne aliamriwa akamtafute bibi huyo, ampe shikamoo.

Lakini fahari yetu kubwa ni ya mwaka 1996. Baada ya uchaguzi majirani walisusiana maduka, harusi, hata maziko. Kidato cha Pili nacho kikagawika, chama hiki kulia, kile kushoto. Haitham na Asma, marafiki tangu chuo cha Kurani, wakaacha kusemezana kwa kuwa baba zao, Mzee Bakar na Mzee Sleiman, hawaamkiani tena. Wazee wakamtaka mwalimu mkuu atenge madarasa mawili. Mwalimu wa hesabu alikuwa mmoja tu. Kila upande ungepata nusu ya vipindi, na mtihani wa kuingia Kidato cha Tatu ulikuwa mlangoni. Watoto wangeangamia.

Bi Mize akaomba kipindi kimoja, wazee wakiwepo. Fumbo lilikuwa moja: pakacha la mihogo lina uzito gani, na la karafuu je? Upande wa kulia aliupa karatasi iliyosema kwamba mapakacha mawili ya mihogo na moja la karafuu ni kilo 37. Wa kushoto akaupa yake, kwamba moja la mihogo na moja la karafuu ni kilo 22. Kisha akaketi.

Kulia wakapata mihogo kilo kumi, karafuu kilo kumi na saba. Kushoto wakapata kilo kumi na moja kila moja. Bi Mize akayapima: kila jibu lilikubali kwao na kukataa kwa wenzao. Jasho likawatoka, mpaka Haitham akashindwa kuvumilia: “Haya Asma, na nyie mna nini huko?”

Asma akainuka, akaandika mlinganyo wao ubaoni chini ya ule wa akina Haitham. Wakatoa mmoja kutoka kwa mwengine: mihogo kilo 15, karafuu kilo 7. Darasa zima likapiga makofi.

Wazee hawakukumbatiana siku ile. Walitoka kila mmoja na njia yake, lakini ombi lao halikurudi tena, na darasa lile lilifaulu kuliko yote yaliyolitangulia. Salamu zilirejea polepole, baada ya miaka.

Bi Mize, ahsante kwa kutusomesha. Mungu akupe afya, umri na mapumziko yenye raha. Kipindi chako anakichukua Asma yule yule, sasa mwalimu mwenzetu. Dawati la mbele wanakaa mwanawe na binti wa Haitham, bega kwa bega, na wote wawili hawajui kama darasa lile liliwahi kuwa na pande.

Ghania Ridha, Idara ya Hisabati