Maziwa Mawili Aliyoahidi Kumwonyesha Mkewe

Wasikilizaji wapendwa, habari za mchana. Sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka mtu ambaye wengi wenu hamkumjua, ila pengine mnaye wa aina yake nyumbani.

Alikuwa mwongoza wageni katika hifadhi ya taifa iliyo mbali na kila kitu. Kutoka nyumbani kwake hadi huko ni siku nzima ndani ya basi, kisha nusu siku juu ya lori. Kwa miaka thelathini na mmoja aliwaonyesha watu ndege kwenye maziwa yale yale mawili. Wenzake walimbandika jina la Taratibu, maana gari likiongeza mwendo kidogo tu, alimgonga dereva begani. Binti yake anacheka akikumbuka likizo za baba. "Tukikimbia sebuleni, alituambia tutawarusha ndege."

Miaka thelathini na mmoja, wasikilizaji. Na mkewe, fundi cherehani, hakuwahi kufika huko hata siku moja.

Si kwamba hakutaka. Alishashona hadi gauni la safari, la rangi ya majani makavu, kwa kuwa mumewe alimwambia rangi kali huwatisha ndege. Kila mwaka aliuliza, na kila mwaka alipewa sababu. Mara maji yamepungua. Mara heroe, wale ndege wa rangi ya waridi, wamehamia ng'ambo. "Subiri kidogo, mke wangu. Usije ukaona tope tupu, ukajiuliza nilikuwa nakuacha kwa ajili ya nini."

Hapo ndipo alipokosea, na nalisema kwa upendo. Wageni aliwapeleka siku yoyote, ndege wawepo wasiwepo. Lakini kwa mkewe alitafuta siku iliyo bora kuliko zote. Sasa siku bora ndizo hifadhi inapofurika wageni, na yeye hana hata nafasi ya kunywa chai.

Mwaka huu alistaafu. Alirudi nyumbani na darubini shingoni, akamwambia mkewe aanze kufungasha. Wangeondoka mwezi uliofuata, maji yakijaa. Gauni likapigwa pasi. Siku ya tisa alisema kifua kinambana, akajilaza kidogo, hakuamka tena. Siku ya tisa tu, jamani.

Mkewe hakungoja maji yajae. Wiki mbili baada ya mazishi alivaa gauni lile, akatwaa darubini, akapanda basi na binti yake. Aliyewapokea ni dada mmoja, mwongozaji aliyefundishwa kazi na marehemu. Ziwa la kwanza lilikuwa limekauka hadi nusu. Matope, na kwa mbali ndege sita tu, mwari wale wa midomo mirefu yenye mfuko. Dada yule aliona aibu.

"Samahani, mama. Umekuja vibaya. Ungesubiri mwezi mmoja tu, ungewaona kwa maelfu."

Mama huyu hakulia msibani, na watu walimsema kuwa ana moyo mgumu. Binti anasema alilia pale, mbele ya ndege wale sita. Kisha akajifuta kwa upande wa kanga.

"Na wewe mwanangu unaniambia nisubiri? Nionyeshe hao hao waliopo."

Wakakaa ukingoni hadi jua lilipoanza kuteremka. Nilipomtembelea kwenye chumba chake cha kushonea, nilimwuliza kama maziwa yale ni mazuri kama alivyosimuliwa. Alikata uzi kwanza.

"Ni mazuri. Ila mimi sikuwa nangoja ziwa. Nilitaka kwenda naye."

Mama yetu, binti yetu, nanyi wenzake wa kule maziwani, poleni sana. Kituo hiki kinalia pamoja nanyi. Mungu ampumzishe pema.

Na wewe unayenisikiliza, jitafakari. Hapa huwa tunanyamaza dakika moja kwa heshima ya marehemu. Leo dakika hiyo nakupa wewe. Kama kuna mtu uliyemwambia asubiri, mpigie sasa hivi.