Dada, Nimeganda?

Marehemu mdogo wetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1983, kitinda mimba wa fundi viatu na mama muuza mkaa. Tangu utotoni alikuwa bahili wa maji. Akiosha kikombe, bomba analifungua maji yatoke uzi tu. "Unakiosha au unakisalimia?" mama alikuwa akimuuliza.

Alianza shule Januari 1990, akahitimu chuo kikuu mwaka 2007. Mimi dada yake niliishia la saba, kwa hiyo kazi yake alinieleza kwa bomba lile lile. Aliandika programu ya ndani kabisa ya simu, inayoamua kumbukumbu ipitishe data kwa kasi gani. Kazi ndogo, inapunguza, chaji isiishe. Kazi kubwa, inafungulia yote.

Tarehe 6 Agosti 2011 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu. Hapo alipata wa kumbishia.

Mama alipozidiwa, tarehe 3 Juni 2019, marehemu alikuwa mbali kikazi. Nikampigia kwa video waagane. Mama akafungua mdomo amwite.

"Simwoni, dada! Ameganda!" marehemu akapiga kelele simuni.

Nikazima simu, nikawasha. Ilipowaka, mama alikuwa ameshakata roho. Nikautukana mtandao.

"Si mtandao," marehemu alisema nilipompata tena. "Ni kiwango cha kasi nilichoweka mimi. Nilikishusha mno kwenye simu za aina hiyo yako."

Nikamjibu, "Basi hongera, umeokoa chaji."

Neno hilo halikunitoka kwa bahati mbaya, na sikuwahi kumwomba radhi.

Alikaa miezi kumi na minne akidai kiwango kipandishwe kila kamera inapowaka. Ofisini walimwambia simu hizo zimechakaa, nani anajali. Hakubanduka mpaka wakakubali. Marekebisho yakafika hata kwenye simu yangu yenye kioo kilichopasuka.

Figo zilianza kumsumbua Oktoba 2023. Tarehe 19 Januari 2024, saa nne asubuhi, nikiwa bado njiani kwenda hospitali, mkewe alinipigia kwa video kutoka wodini.

"Usikate," marehemu alisema. Baada ya kitambo akauliza, "Dada, nimeganda?"

"Hujaganda, baba. Nakuona."

Nilimwona dakika arobaini, hadi pumzi ya mwisho. Kope zake nilizihesabu.

Ameacha mjane, mabinti wawili, kaka mmoja, na mimi.

Lala salama, mdogo wangu. Bomba tutalifunga sisi.